Gunia la Ijumaa

Kuna watu wazima, wenye ndevu na wajukuu, ambao kwa miaka sita walilala wamekunja miguu mpaka magoti yanagusa kidevu, eti mguu usije ukachungulia nje ya kitanda ukashikwa. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamesoma "Wa Uvunguni", sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu, na sasa wanaisubiri ya nne, ya mwisho, ambayo mwandishi wake ameapa kwamba ndani yake atamtoa hadharani huyo anayekohoa chini ya kitanda cha ile familia. Mwandishi ana jina alilopewa na wazazi wake, lakini wasomaji walimwita Baba Kiza. Wao wenyewe walijiita Wanauvungu, wala hawakuona haya.

Pale mtaani makao makuu yao yalikuwa saluni ya Kinyozi. Mtu aliingia kunyoa kichwa kwa dakika kumi, akakaa mpaka mchana akibishana.

"Mimi nasema ni yule mfanyakazi wa ndani."

"Mfanyakazi alikufa sehemu ya pili. Wewe ulisoma au ulikuwa unatafuta picha?"

"Kitabu hakina picha!"

"Ndiyo maana hukuelewa."

Nje ya saluni, kwenye kivuli cha ukuta, alikaa Mama Karanga na beseni lake. Alikaanga karanga nyumbani alfajiri, akazileta zikiwa bado na joto, akazifungia wateja kwenye karatasi aliyoisokota ikachongoka chini. Kitabu chenyewe hakuwahi kukifungua. "Kutishwa kwa hela yangu mwenyewe sitaki," aliwaambia. "Mwenye nyumba ananitisha bure kila mwezi." Lakini Wanauvungu hawakumwacha apumue, kwa sababu mumewe, Fundi, alikuwa mwendesha mashine kwenye kiwanda cha uchapaji, na habari zilikwisha vuja kwamba sehemu ya nne inachapwa hukohuko.

"Mama Karanga, tuulizie kwa mzee," Kinyozi alimbembeleza, wembe mkononi. "Neno moja tu. Ni mtu au ni jini?"

"Kamuulize mwenyewe. Mimi na yeye hatusemeshani."

Wakacheka wakidhani ni utani. Maskini, haukuwa utani.

Ilianza siku mdogo wake Fundi alipokuja kuwasalimia na watu wake, kwa gari lake jipya. Wakanywa chai, wakalisifia gari, wakatoka nje kulizunguka, wakarudi wakalisifia tena. Mama Karanga, ambaye ulimi wake haujawahi kungoja ruhusa, akasema, "Haya, mdogo mtu anaendesha gari lake, kaka mtu anaendesha mashine ya watu." Wageni wakaangua kicheko. Fundi naye alicheka, kidogo, kwa heshima ya wageni, kisha akaweka kikombe chini na hakukinyanyua tena. Tangu siku ile nyumba ikawa na watu watatu na msemaji mmoja, binti yao wa kidato cha nne. "Mwambie mama yako mboga haina chumvi." "Mwambie baba yako chumvi ipo mezani, ana mikono." Binti akawa anasambaza ujumbe huku akifungua vitabu vyake, maana mtihani haukungoja wazazi wapatane.

Na kununa kwao kulikuwa na sheria moja, ileile tangu wachumbiane: anayeanza kusema ndiye aliyekosa. Hakuna aliyekuwa tayari.

Laiti wangenuniana mwaka mwingine. Huu ulikuwa mwaka wa Fundi kustaafu. Maisha yake yote ya kazi ameyamalizia kwenye mashine moja, na kiinua mgongo chake kilikuwa kimekwisha pangiwa kazi kabla hakijafika: binti aende chuo cha uuguzi, na wao wawili watoke kwenye chumba cha kupanga wakajenge hata vyumba viwili pembeni ya mji. Kikikatika hicho, hakuna kingine. Karanga hazipeleki mtu chuo.

*

Mashine ya kuchapa haianzi kazi ikiwa safi. Karatasi za mwanzo hutoka na wino uliovimba, au mistari imekwenda upande, na hizo huitwa kasoro. Kiwandani palikuwa na mazoea ya miaka mingi: kila Ijumaa wafanyakazi walijichukulia kasoro za wiki. Fundi alizijaza kwenye gunia, akaliegemeza kwenye ukuta wa stoo karibu na geti, na mkewe akapita jioni kulibeba. Karatasi kubwa, nene, haziloi mafuta. Wateja walizipenda kuliko magazeti.

Kilipoingia kitabu cha Baba Kiza, mazoea yakasimamishwa. Simu ziliachwa getini. Kila atokaye alipapaswa mpaka soksi. Meneja aliwakusanya akawaambia kasoro zote za kitabu hiki zitachomwa moto Jumamosi mbele ya macho yake, na atakayetoka na hata kipande cha kufutia jasho, asimlaumu mtu. Wafanyakazi wakaitikia. Fundi akarudi nyumbani na agizo lake kifuani. Angemwambia nani? Binti naye alikuwa Mwanauvungu wa kulala miguu imekunjwa, hakuaminika kwa siri hiyo. Na yule mwingine hawasemeshani.

Ijumaa ikafika. Magunia ya kasoro yalikuwa yameegemezwa palepale kwenye ukuta wa stoo, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuyaweka. Mama Karanga akaingia getini na ngata yake kichwani.

"Leo umechelewa, mama," akasema Mlinzi.

"Miguu, baba. Inazeeka kabla yangu."

Mlinzi akamsaidia kujitwisha. Baadaye, alipoulizwa, alijibu kwa dhati kabisa kwamba agizo alilopewa lilihusu kupekua wafanyakazi, na yule mama si mfanyakazi.

Lakini kabla ya kujitwisha, Mama Karanga alisita. Gunia lilikuwa limefungwa kwa waya badala ya kamba. Akajiuliza: leo pana nini? Akainua macho, na pale dirishani, nyuma ya vioo vyenye vumbi, alikuwa amesimama mumewe anamtazama. Wakatazamana. Angetikisa kichwa tu, mwanamke angeliacha gunia. Angeuliza tu, hata kwa kidole, mwanamume angejibu. Fundi alikwisha fungua mdomo. Kisha moyo ukamwambia: aliyekutukana mbele ya wageni ni yeye, acha aje akuulize. Na mkewe akajisemea: nikiuliza nitakuwa nimeanza mimi. Akamwambia Mlinzi, "Nisaidie, baba," akaondoka.

Fundi alipanga jioni amtume binti kwa mama yake na onyo. Alipofika nyumbani akakuta binti amekwenda kwa shangazi yake kujisomea, atarudi Jumapili. Basi wakala kimya, wakalala kimya, huyu ukuta huu na yule ukuta ule, gunia miguuni pao. Fundi alijifariji kwamba karatasi ile ina kurasa zimepangwa shelabela, nyingine zimepinduka kichwa chini, mpaka ikunjwe na kukatwa ndipo zifuatane. Nani ataelewa kitu humo? Walaji wa karanga?

*

Jumamosi ile Mama Karanga aliuza kuliko siku yoyote tangu azaliwe.

Mteja wa kwanza alikuwa fundi viatu. Alinunua, akaanza kutafuna, akasimama ghafla mdomo wazi, karanga zinaonekana ulimini. Akaisokotoa karatasi mpaka ikanyooka. "Mama, nipe nyingine." Akapewa. Akaisokotoa nayo. "Nyingine." Halafu akakimbilia saluni bila chenji.

Haikupita muda saluni nzima ilikuwa nje.

"Nipe tano!"

"Mimi kumi, na usichanganye, nataka kutoka upande ule!"

"Foleni, jamani, foleni," alisema Mama Karanga, jasho linamtoka kwa furaha. "Leo mmeamka na njaa gani?" Mikono yake ilisokota, ikajaza, ikapokea. Alikuwa anafikiria atanunua gunia zima la karanga mbichi, aache kununua kwa kilo. Ndipo alipotazama chini. Karanga zilikuwa zimemwagwa. Njia nzima, mbele ya saluni, mtaroni, karanga alizozikaanga alfajiri kwa moshi wa machoni, watu wanazikanyaga.

"Karanga zina nini?" aliuliza. "Nyie, karanga zangu zina kasoro gani?"

"Hazina kitu, mama, tamu," alisema kijana mmoja akimwaga zake. "Nipe nyingine."

Ilimuuma. Alichukua fedha zao, ndiyo, lakini ilimuuma, na nusura alie.

Ndani, Kinyozi aligandisha vipande kwenye kioo kwa povu la kunyolea. Walivigeuza, wakavihamisha, wakagombana. Mwisho ukurasa wa mwisho ukapatikana, na Kinyozi akausoma kwa sauti. Kisha mtu mmoja akapiga picha. Kabla ya adhuhuri picha ile ilikuwa kwenye simu za watu ambao hawatawahi kulijua jina la mtaa ule, na ya pili yake ilikuwa picha ya Mama Karanga mwenyewe, kainama juu ya beseni, na maneno chini yake: HUYU NDIYE ALIYETUULIA KITABU.

*

Binti alirudi mbio siku ileile, viatu mkononi.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimeuza karanga."

"Umeuza mwisho!" Akajitupa kitandani akalia kama aliyefiwa. "Miaka sita, mama. Nilianza kukisoma nikiwa darasa la tano. Na sasa kila mtu ananitumia. Sikutaka kujua. Ni baba yao, mama. Anayekohoa uvunguni ni baba mwenye nyumba. Hakufa. Alijificha kwa sababu aliwaogopa wanawe."

"Ndiyo hayo tu?" Mama Karanga alishangaa. "Watu wamemwaga karanga zangu kwa ajili ya hayo?"

Binti akainua uso. Machozi yakakauka usoni taratibu, maana jambo jingine lilikuwa limemfikia. "Mama, hizo karatasi... Baba atafukuzwa kazi."

Mama Karanga akakaa chini, palepale sakafuni.

Fundi alipoingia jioni hakuvua hata viatu. Meneja alikuwa amekwisha hesabu magunia kabla ya kuwasha moto, na akamwambia aje Jumatatu ofisini, yeye na mkewe. Alisimama mlangoni, akamtazama mkewe, na mkewe akamtazama. Safari hii hakuna aliyekumbuka sheria.

"Kwa nini hukuniambia?" akasema Mama Karanga.

"Kwa nini hukuniuliza?"

Binti akatoka nje akawaacha.

Walizungumza siku ile kuliko walivyozungumza mwaka mzima. Mama Karanga ndiye aliyepata njia. "Sikiliza. Mimi siyo mfanyakazi wao. Watanifukuza wapi? Nitasema nimelichukua mwenyewe, wewe ulikuwa ndani, hukujua. Wewe sema hukuniona. Basi. Watanitukana, nitatukanika, tutarudi nyumbani. Kiinua mgongo kinabaki."

"Nilikuona."

"Hukuniona! Sema."

"Sikukuona."

"Tena, bila kutazama chini."

*

Ofisini palikuwa na viti viwili vya wageni na kimoja kilikuwa na mafaili. Mama Karanga akakaa, Fundi akasimama. Nyuma ya meza alikuwa Meneja, mtu mnene aliyechoka, na ubavuni pake mwanamke kijana mwenye miwani, mwanasheria wa kampuni ya vitabu. Huyo hakuwasalimia. Alikuwa anasoma simu yake.

"Baba Kiza anaandika mwisho mwingine," Meneja alisema, kana kwamba anatoa taarifa ya msiba. "Chapa yote inarudiwa. Nani alitoa gunia?"

"Mimi," alisema Mama Karanga. "Mwenyewe, kwa mikono hii. Nilidhani ni zile za kila Ijumaa. Mume wangu alikuwa ndani kwenye mashine, hajui lolote."

"Fundi, ulimwona?"

Fundi akakohoa. "Sikumwona."

Alisema vizuri, bila kutazama chini. Mkewe akashusha pumzi.

"Safi," alisema mwanasheria, na kwa mara ya kwanza akaiweka simu mezani. "Basi mambo ni mepesi. Kama hakuna mfanyakazi aliyeona wala kuruhusu, huu ni wizi. Mama atakwenda kituo cha polisi leo hii. Na yule mlinzi pia. Kampuni itafungua kesi."

Hilo hawakulipigia hesabu. Walipiga hesabu ya matusi. Mama Karanga akasema upesi, "Sawa. Mimi niko tayari." Akamgeukia mumewe, akamkazia macho: kaza, baba, usilegee, mfikirie mtoto.

"Wewe Fundi rudi kazini," Meneja alisema kwa upole. "Chapa mpya inaanza wiki ijayo, nakuhitaji."

Fundi hakwenda.

"Nilimwona," alisema.

"Nyamaza wewe!" Mama Karanga aliruka kwenye kiti. "Bosi, usimsikilize, ana homa!"

"Nilimwona, bosi. Nilikuwa dirishani. Nilijua ni magunia gani yale. Si mwizi huyu. Angejua, asingelishika."

Mwanasheria akavua miwani. "Ulimwona na hukumzuia. Kwa nini?"

"Tulikuwa tumenuniana."

"Mlikuwa mmefanya nini?"

"Tumenuniana. Hatusemeshani."

Mwanasheria akacheka. Hakukusudia ubaya, kicheko kilimtoka tu, akakifunika kwa mkono. "Samahani. Mlinuniana kwa lipi, hata kitabu cha watu wote kikaharibika?"

"Mambo ya nyumbani, mama."

"Nahitaji kuliandika."

Fundi alikuwa na umri wa kumzaa. Alivuta aproni yake iliyokakamaa kwa wino, akatazama ukuta. "Alisema mbele ya wageni kwamba naendesha mashine ya watu."

"Si kweli?"

Meneja akageuza uso kwenye mafaili. Kule chini mashine zilikuwa zinafanya kazi, sakafu inatetemeka kidogo.

"Ni kweli," akasema Fundi.

Mwanasheria akaandika. Basi si wizi, alisema, ni uzembe wa mfanyakazi, kwa upande wake inatosha. Meneja alimsindikiza Fundi mpaka mlangoni na kumnong'oneza kwa hasira ya mtu aliyeshindwa kumsaidia mwenzake. "Ungenyamaza tu. Wangemweka mkeo siku mbili wakamwachia. Anayefukuzwa kwa kosa hapewi kiinua mgongo, unajua hilo?"

"Najua."

"Acha aproni."

Akaivua. Ilikuwa yake, aliishona kwa hela yake, lakini hakubisha.

*

Walivuka uwanja wa kiwanda, Mama Karanga mbele, mtandio kauvuta mpaka machoni ili asitambulike.

"Tulipanga," alisema. "Tulipanga kila neno. Siku mbili tu! Ningelala sakafuni siku mbili, nikatoka. Sasa mtoto ataenda chuo na nini? Na mapenzi yako?"

"Sijui."

"Ungeniacha niende."

"Ningekuacha," alisema Fundi, "ungeninunia."

Hakuna aliyecheka. Mama Karanga alitaka kumshika mkono mumewe, akatamani pia kumpiga, na hakufanya lolote kati ya hayo. Kichwani mwake alikuwa anamwona binti akirudi kutoka shuleni jioni, na anawaza nani kati yao atamwambia.

Nje ya geti Wanauvungu walikuwa wamejaa. Habari za mwisho mpya zilikwisha wafikia, wakaja kusubiri karibu na mahali utakapozaliwa, na wengine wamebeba sehemu tatu za mwanzo vifuani. Walikuwa na furaha. Mwisho ule wa karanga, walisema, kumbe haukuwa mwisho. Baba Kiza atawaandalia mwingine wa kutisha zaidi. Kinyozi alikuwepo, akamwona Mama Karanga, akageuka kumwonyesha mwenzake kitu kisichokuwapo juu ya paa.

Msichana mmoja, umri wa binti yao, aliyevaa fulana nyeusi yenye mchoro wa kitanda, aliona vidole vya Fundi vyenye wino akamkimbilia.

"Shikamoo, mzee! Unatoka humo ndani? Eti wameanza kuchapa mpya? Kitatoka lini? Tuambie tu mwezi, hatutamwambia mtu."

Wenzake wakasogea. Wote walimtazama Fundi kwa matumaini na heshima ambayo hakuwahi kuipata pale getini kwa miaka yote aliyoingia na kutoka. Mkewe alimvuta shati, twende. Fundi alitazama madirisha ya kiwanda, akafungua mdomo, akachelewa kidogo, maana maneno yale alikuwa hajawahi kuyatamka.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Sijui. Mimi sifanyi kazi hapa."

"Ah, samahani, mzee," msichana alisema, akageuka upesi kumtafuta anayefanya kazi.